DAWA YA NONDO SI PEREMENDE

Ndugu wanachama, wa reli na wa kazi nyingine zote,

Tawi limetuomba tuandike habari ya dawa ya nondo. Hatusemi nondo za chuma tunazozijua sisi wa reli. Twasema nondo mdudu, yule anayetoboa makoti na blanketi. Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, chama kimeishiwa na maneno, hata kinaandika habari za mdudu?" Ndugu huyo na asome mpaka mwisho, kisha aseme.

Mambo yalianza hivi. Katika bohari moja upande wa Kitengela, ambayo hatuitaji jina kwa kuwa shauri lake bado liko mezani, kuna marobota ya blanketi za sufu na makoti mazito ya walinzi. Kabla ya miezi ya baridi vibarua wanne waliitwa kuyatia dawa. Wakapewa magunia ya vidonge vyeupe, wakaambiwa wavigawe kwa mikono katika vifuko vidogo, kisha watie kila kifuko katikati ya robota. Madirisha yalifungwa, eti dawa isipotee. Juu ni mabati, na jua la Kitengela mnalijua. Walianza saa mbili asubuhi. Ilipofika saa nane mmoja alishikwa na kichwa kikali, wa pili akatapika, na wote wanne macho yalikuwa mekundu yakitoa machozi. Wakaomba glavu na madirisha yafunguliwe. Mnyapara akawajibu: "Hiyo ni dawa ya nguo tu. Hata mama zenu wanaiweka kabatini."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maana si neno la mnyapara mmoja. Tumelisikia stoo, tumelisikia stesheni, na wengine wetu tumelisema kwa midomo yetu wenyewe. Basi leo twataka kulijibu.

KITU CHENYEWE NI NINI

Vile vidonge vyeupe vinavyouzwa sokoni mara nyingi huwa ni naftalini. Naftalini hutolewa katika lami ya makaa ya mawe. Tabia yake ni ya ajabu kidogo: haingoji kuyeyuka na kuwa maji, bali hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja, polepole, hata kidonge kikaisha chenyewe. Mvuke huo ndio dawa, na mvuke huo ndio sumu. Joto likizidi, mvuke huzidi. Kwa hiyo chumba cha mabati kilichofungwa madirisha mchana ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kufungulia gunia la naftalini. Tena ni kitu kinachoshika moto. Kisiwekwe karibu na jiko wala kibatari.

Kuna vidonge vya aina ya pili, navyo ni vya paradiklorobenzeni. Hivi huonekana sana vyooni, katika mabirika ya kukojolea ya baa na ya stesheni, navyo hutumika kwa nguo pia. Kwa macho huwezi kuvitofautisha na vile vya kwanza. Ukichukua maji uliyoyatia chumvi nyingi mpaka haiyeyuki tena, kidonge cha naftalini kitaelea na cha paradiklorobenzeni kitazama. Lakini twauliza: kwa nini mfagiaji wa choo afanye kazi ya mkemia kwa kikombe cha maji ya chumvi? Kama karatasi ya dawa ingekuwa na jina lake, yasingekuwapo mashaka.

Sisi wa reli tunajuana na naftalini hata bila kabati. Yale mataruma ya mbao yaliyochovywa katika kriosoti, yenye harufu kali na weusi unaoganda mikononi, yanayo naftalini ndani yake, maana kriosoti nayo ni mtoto wa lami ya makaa ya mawe. Wazee waliobeba mataruma hayo begani wanajua jinsi ngozi inavyowaka jua likipiga. Hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Walipewa sabuni, wakaambiwa waoge. Basi habari ya dawa ya nondo ni habari yetu ya zamani iliyovaa nguo nyeupe.

INAFANYA NINI MWILINI

Anayevuta mvuke mwingi huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, hutapika, na macho na koo humwasha. Hayo ndiyo yaliyowapata ndugu zetu wanne. Lakini hayo ndiyo madogo.

Kubwa ni la damu. Wako watu waliozaliwa na upungufu katika damu ambao madaktari huuita G6PD. Mtu huyo huonekana mzima kabisa, anafanya kazi, anacheza mpira. Akivuta au akimeza naftalini ya kutosha, chembe nyekundu za damu yake huvunjika. Baada ya siku moja au mbili, au zaidi, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho huwa ya manjano, na nguvu humwisha. Upungufu huu hupatikana zaidi kwa watu wa nchi zenye malaria nyingi, kama pwani yetu na kando ya Ziwa, na huwashika wanaume zaidi kuliko wanawake. Sasa tazameni Kitengela ni mji wa nani: watu wa pwani wamo, wa Ziwa wamo, wa kila upande wamo, wamekuja kutafuta kazi viwandani na katika EPZ ya Athi River. Mnyapara anapomtia kibarua katika chumba cha naftalini, hajui damu ya mtu huyo, na kibarua mwenyewe hajui.

Watoto wachanga ndio walio dhaifu zaidi. Huko Ugiriki mwaka 1963 madaktari waliandika habari za watoto wachanga 21 ambao damu yao iliharibika kwa kuvuta mvuke wa naftalini tu. Hawakumeza kitu. Blanketi na nguo zilizotoka dawani zilitosha. Na mama akiisha kumpaka mtoto mafuta, kama ilivyo desturi yetu, dawa hupenya ngozi kwa urahisi zaidi.

Yako pia ya miaka mingi. Katika taarifa iliyotoka Italia mwaka 1956, wafanyakazi 8 kati ya 21 waliofanya kazi na naftalini kiwandani walionekana na mtoto wa jicho. Mwaka 2002 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka naftalini katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa mwanadamu. Paradiklorobenzeni nayo imo katika kundi hilo hilo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwisha kuondoa vidonge vya nondo vya naftalini madukani mwaka 2008. Kama mzungu hataki kukiweka kabatini mwake, kwa nini sisi tukichote kwa viganja?

TWAJIBU MANENO YAO

Kwanza wanasema: "Mama zenu wanaiweka kabatini." Ni kweli. Mama huweka vidonge viwili vitatu, akafunga kabati, akaenda zake. Kibarua hufungua gunia, akakaa nalo kutwa nzima na madirisha yamefungwa. Chumvi kidogo hutia mchuzi ladha. Je, mtu ale bakuli zima la chumvi kwa kuwa mama yake huitia mchuzini? Huko Marekani sheria ya kazi imeweka mpaka: mvuke wa naftalini usizidi sehemu 10 katika milioni ya hewa kwa saa 8 za kazi. Mpaka huo uliwekwa kwa sababu ya mtu wa bohari, si kwa sababu ya mama.

Pili wanasema: "Glavu ni gharama." Glavu za mpira hazifiki bei ya blanketi moja katika yale mamia ya blanketi. Na kufungua dirisha ni shilingi ngapi? Bwana anayelinda blanketi asiliwe na nondo, na asilinde mtu anayeibeba, ametuonyesha hesabu yake: blanketi ni mali, mtu ni kibarua, kesho atapatikana mwingine langoni.

Tatu wanasema: "Hata mkipewa hamvai." Hapa tuseme kweli, maana chama hakijengwi kwa uongo. Wako ndugu zetu wanaozitia glavu mfukoni wakauze. Wako wanaoona ni aibu, eti mwanamume haogopi kidonge. Hilo ni kosa letu, nasi tutalirekebisha sisi wenyewe katika mikutano yetu. Lakini mara nyingi glavu zinazoletwa ni za kitambaa, nazo hunyonya dawa na kuishikiza mkononi; au ni jozi moja ya watu watano. Na ile barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke. Mtu akipewa kitu kisichofaa asipokivaa, kosa ni la nani?

INAFAA WAPI, NA WAPI HAIFAI

Hatusemi dawa hii itupwe yote leo. Twasema itumike mahali pake tu, na kwa akili.

Anayekula nguo si yule kipepeo mdogo, ni kiwavi wake. Naye hula sufu, manyoya, nywele na ngozi. Pamba safi na nguo za nailoni hazimshibishi. Kwa hiyo yule anayetia vidonge katika mashati ya pamba na suruali za nailoni anajitia sumu bure. Hata shuka nyingi zinazouzwa Kajiado siku hizi si za sufu. Tazama nguo kwanza, ndipo utafute dawa.

Tena, dawa hufanya kazi mahali palipofungwa kabisa tu: sanduku la bati lenye kifuniko kizuri, au mfuko mzito uliofungwa. Kidonge kilichotundikwa kabatini penye mlango uliolegea hakiui nondo. Ukisikia harufu yake chumbani, maana yake dawa imemwacha nondo na kukujia wewe. Wengi wetu katika ploti za Kitengela tunalala, tunapika na kuweka nguo katika chumba kimoja. Nyumba ya namna hiyo haina mahali pa kidonge hiki, hasa kama kuna mtoto.

Kuna dawa isiyo na sumu ambayo wazee waliijua: anika blanketi juani, ikung'ute vizuri, piga brashi mishono na kola ambako mayai hujificha, fua, kausha kabisa, kisha funga. Nondo hapendi nguo safi wala hapendi kusumbuliwa. Bohari yenye watu wa kutosha inaweza kufanya hivyo kila mwezi. Itatoa kazi, na itapunguza sumu.

Upande wa Kajiado tumeona jambo jingine: watu wanamwaga vidonge kuzunguka nyumba ili nyoka wasije. Ndugu, hii ni kupoteza fedha. Nyoka hupita juu yake bila kujali. Anayedhurika ni mbwa, ndama, au mtoto anayeokota akidhani ni peremende. Fyeka nyasi, ondoa rundo la mawe na kuni karibu na mlango, ziba mashimo, punguza panya, tembea na tochi usiku. Na wengine hutia vidonge katika gunia la maharagwe au mahindi ili wadudu wasiingie. Hilo ni jambo la hatari kabisa. Chakula hicho kisiliwe. Nafaka ikauke vizuri, iwekwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Vidonge vibovu visitupwe mtoni. Naftalini ni sumu kali kwa samaki, na Mto Kitengela huingia Athi, na maji ya Athi yana wanywaji wengi mbele.

MTOTO AKIMEZA

Sikieni vizuri hapa, maana desturi yetu inatudanganya. Mtu akimeza kidonge, jirani hukimbia na kikombe cha maziwa. Msimpe maziwa, wala mafuta, wala chakula cha mafuta. Naftalini huyeyuka katika mafuta na kuingia mwilini upesi zaidi. Msimtapishe. Mpelekeni mara moja hospitali, ya Kitengela au ile kubwa ya Kajiado, pamoja na pakiti au kidonge kilichobaki. Msirudi nyumbani na kusema amepona kwa kuwa anacheza. Mkojo mweusi na macho ya manjano huweza kuja baada ya siku kadhaa. Dawa ikigusa ngozi, osheni kwa maji mengi na sabuni, na vueni nguo zilizoshika dawa. Aliyevuta mvuke atolewe nje penye hewa.

SHERIA IKO, HAIFANYI KAZI PEKE YAKE

Watu hudhani twaomba hisani. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, awape mavazi ya kujikinga, na awe na karatasi ya maelezo ya kila kemikali ya hatari. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, kifungu cha 9 kinataka pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wamo ndani yake. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi atoe habari akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Sheria ya Mafidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, haihusu mkono uliokatika tu. Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo. Na dawa za wadudu haziuzwi ovyo: Sura ya 346 inataka ziandikishwe na ziwe na maandishi yake. Lakini nenda sokoni uone: vidonge vimefungwa katika nailoni tupu, havina jina, havina onyo, viko jirani na peremende za kweli.

Na pale penye maandishi, ni Kiingereza kidogo kidogo cha kusomwa kwa miwani. Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo inampa mnunuzi haki ya kupewa habari za kitu anachonunua. Basi habari isiyosomeka ni habari gani? Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka darasa la saba au nane, na Kiingereza tulichopata ni cha kusalimia. Kutuandikia onyo kwa lugha hiyo ni kama kupiga filimbi treni ikiwa imekwisha kupita.

TUNAYOYATAKA

1. Hakuna mtu kufungua gunia la dawa katika chumba kilichofungwa. Madirisha na milango iwe wazi, kazi ifanywe asubuhi kabla ya joto, na kwa zamu fupi.

2. Kila mtu apewe glavu zake mwenyewe za mpira usiopitisha dawa, na miwani ya kukinga macho. Visikatwe katika mshahara. Maji na sabuni viwe karibu, na mtu asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa.

3. Dawa inunuliwe ikiwa imekwisha kufungwa katika vifuko vyake, isigawanywe kwa mikono.

4. Karatasi ya maelezo ibandikwe ukutani kwa Kiswahili: jina la dawa, hatari yake, na la kufanya mtu akidhurika.

5. Vibarua wahesabiwe sawa na walioandikwa. Sumu haiulizi barua ya ajira.

6. Kamati ya usalama ikutane kweli, na maneno yake yaandikwe.

Wafanyakazi wa gati na wa reli waliogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 walidai mshahara wa kumwezesha mtu kuishi mjini, wakati ambapo kudai tu kulikuwa hatari. Sisi leo tunadai dirisha lifunguliwe, na sheria iko upande wetu. Tukishindwa kudai hilo, tusimlaumu mnyapara peke yake.

Wale ndugu wanne wamepumzika na wamerudi kazini. Watatu wanasema wako sawasawa. Wa nne bado macho yanamsumbua, na tawi linampeleka kupimwa. Kesho kutwa yatakuja magunia mengine. Yakija, mtu asiingie peke yake kimya kimya. Amwite mwenzake, amwite mjumbe, na wote waulize swali moja tu kabla ya kugusa: "Maandishi yake yako wapi?" Asiyeweza kujibu swali hilo hana haki ya kututuma.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika kazi,
Wanachama wa reli, Kitengela na Kajiado